Nani aliona, nani alisimulia, nani aliigiza: namna ya kutazama mauaji ya kale kwenye runinga

Jumapili jioni, katika kinyozi kimoja cha Buruburu, Nairobi, watu watano walikuwa wakimsaka muuaji wa mtu aliyekufa mwaka 1941. Runinga imetundikwa juu ya kioo, kwa hiyo kila anayeketi kunyolewa huinua kidevu atazame, na kinyozi hukishusha tena kwa vidole viwili bila kusema neno, labda mara ishirini kwa kichwa kimoja. Kipindi kilikuwa mojawapo ya ile mifululizo ya mauaji ya kale iliyojaa siku hizi: ngoma nzito kwa mbali, gari la zamani likipita gizani, mwanahistoria mbele ya rafu ya vitabu.

"Ni mzee wa yule mwanamke," kinyozi akatoa hukumu. "Nani mwingine angemuua?"

"Wewe! Hao ni majasusi wa Uingereza," akadakia kijana aliyekuwa akingoja zamu. "Jamaa alikuwa anajua siri."

"Si korti ilimwachilia huyo mume? Basi si yeye, mambo kwisha," akasema wa tatu.

Wa nne alikuwa na lalamiko lake tofauti: kipindi kinavuta mno, sehemu sita zingetosha kuwa mbili. Wa tano, mzee aliyekuwa ameweka gazeti magotini, hakusema kitu.

Nilimaliza kunyolewa kabla hawajamaliza kubishana. Nikiwa njiani kwenda steji ndipo nilipogundua kwamba wale watu hawakuwa wakibishana juu ya jambo moja. Huyu alizungumzia ukweli, yule uvumi, mwingine sheria, mwingine ufundi wa kusimulia. Ndivyo ilivyo karibu kila mahali mifululizo hii inapojadiliwa, iwe kwenye kundi la WhatsApp la familia au kiti cha nyuma cha matatu. Maoni ni makali, lakini kila mmoja anajibu swali lake.

Tuanze na majina ya vitu. Makala ya runinga, ambayo wengine huiita dokumentari, ni kipindi kinachodai kueleza mambo yaliyotokea kweli. Neno "kinachodai" nimeliweka kwa makusudi. Mauaji ya kale, kwa maana nitakayoitumia hapa, ni mauaji ambayo wahusika wake wakuu, yaani aliyeuawa, aliyeshukiwa, polisi na jaji, wengi wao au wote wameshakufa. Na neno "mauaji" lenyewe lina mtego. Kiswahili chetu cha kila siku hulitumia kwa kifo chochote kilicholetwa na mkono wa mtu. Sheria ya Kenya hutenganisha: kuna kuua kwa kukusudia, na kuna kuua bila kukusudia. Mlevi aliyemsukuma mwenzake akabingirika ngazini hatiwi kapu moja na mtu aliyetafuta risasi wiki nzima kabla. Kipindi kikikuandikia "MAUAJI" kwa herufi nyekundu dakika ya kwanza, jua kwamba kimeshakuchagulia kapu.

Mukimo na githeri

Ukipewa githeri, ukitaka unaweza kutenga: mahindi huku, maharagwe kule. Mukimo ni habari nyingine. Viazi, mahindi na majani ya malenge vimepondwa hadi rangi ikawa moja, na kijiko kinachota vyote kwa mpigo. Makala ya mauaji ya kale ni mukimo. Ndani yake mna vitu vitatu: kilichoandikwa wakati ule, kilichosimuliwa baadaye, na kilichoigizwa juzi mbele ya kamera. Mtengenezaji huviponda pamoja kwa makusudi, maana ndivyo kipindi kinavyonoga. Mtazamaji anayetaka kutoa hukumu hana budi kuurudisha ule mukimo uwe githeri.

Tuchukue kesi ileile ya pale kinyozi. Josslyn Hay, aliyejulikana kama Lord Erroll, alikuwa bwana mkubwa wa Uingereza aliyeishi Kenya wakati wa ukoloni, mmoja wa kundi la walowezi lililosifika kwa anasa na ulevi. Usiku wa kuamkia 24 Januari 1941, gari lake aina ya Buick lilikutwa limetoka barabarani karibu na njia panda ya Karen na barabara ya Ngong. Yeye alikuwa ndani, amekufa kwa risasi ya kichwani. Ilikuwa yapata saa tisa usiku, na waliolikuta gari ni Waafrika wawili waliokuwa wakipeleka maziwa mjini. Sir Jock Delves Broughton, ambaye mkewe kijana, Diana, alikuwa na mapenzi ya wazi na Erroll, alikamatwa, akashtakiwa Nairobi, na Julai 1941 akaachiliwa. Desemba 1942 alijiua katika hoteli moja mjini Liverpool.

Hayo ni mahindi. Yapo kwenye kumbukumbu za wakati ule na hayana ubishi. Lakini kwamba kuna mtu alijificha kiti cha nyuma, kwamba mke alijua, kwamba amri ilitoka London kwa sababu Erroll mwaka 1934 alijiunga na chama cha mafashisti wa Uingereza: hapo umeshaingia kwenye viazi. Kujiunga na chama ni jambo lililoandikwa. Amri ya kumuua ni nadharia iliyokuja kusimuliwa miaka mingi baadaye. Kipindi hukupa yote mawili kwa sentensi moja, kwa sauti ileile tulivu ya msimulizi, na masikio hayatambui mshono uko wapi.

Majani ya malenge je? Ni lile gari unaloliona. Si Buick ya Erroll, bali ni gari la kukodi, dereva ni mwigizaji, na usiku wenyewe mara nyingi ni alasiri iliyotiwa giza na kompyuta. Hakuna ubaya wowote katika kuigiza. Shida ni kwamba jicho huamini kuliko sikio. Wiki moja baadaye mtazamaji atakuapia kwamba "tuliona" mtu mrefu mwenye koti akishuka garini. Uliona mwigizaji aliyelipwa kwa siku.

Gazeti la siku ile

Watu wengi hufikiri kwamba karatasi ya zamani ni ushahidi kwa sababu tu ni ya zamani. Kamera ikipita polepole juu ya ukurasa wa gazeti uliogeuka rangi ya chai, mtu hunyamaza. Basi hebu tukumbuke kisa cha J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini. Alionekana mara ya mwisho akiwa hai kwenye hoteli ya Hilton, hapa katikati ya jiji, tarehe 2 Machi 1975. Mwili wake ulipatikana na mchungaji huko Ngong, ukaletwa mochari na kulala pale siku kadhaa kama maiti ya mtu asiyejulikana. Katika siku hizohizo, gazeti moja likachapa kwamba mheshimiwa yuko Zambia. Familia ilipoingia mochari na kumtambua, ilikuwa tarehe 11.

Sasa fikiria mtengenezaji wa makala anakuonyesha ukurasa ule. Ukurasa ni halisi, wino ni halisi, tarehe ni halisi. Habari ni ya uongo. Kitu pekee ambacho ukurasa unathibitisha ni kwamba siku ile kuna mtu aliyetaka wasomaji waamini hivyo, au kuna mwandishi aliyedanganywa naye akachapa. Hilo si jambo dogo, tena linaweza kuwa ndio uzi mkuu wa kisa chote. Lakini ni ushahidi juu ya waliotoa habari, hauhusu alikokuwa J.M. Mtengenezaji mzuri atauliza habari ilitoka kwa nani. Mvivu atapitisha kamera juu ya kichwa cha habari, aongeze fidla, aendelee.

(Hilton yenyewe ilifungwa mwishoni mwa 2022. Kwa hiyo ukiona makala mpya yenye ukumbi unaong'aa na J.M. akitembea ndani yake, kuna mtu amekodi ukumbi kwingine.)

Hati rasmi nazo zina mambo yake. Julie Ward, mtalii Mwingereza, aliuawa Maasai Mara mwaka 1988. Maelezo ya mwanzo ya upande wa serikali yalikuwa kwamba aliliwa na wanyama. Daktari aliyechunguza mabaki alikuwa ameandika kwamba mfupa ulikatwa kwa kitu chenye makali, kisha maneno ya ripoti yakabadilishwa ili yaelekee kwa wanyama. Neno moja tu juu ya mfupa. Baba yake Julie aliishikilia kesi ile kwa miongo mitatu, na sehemu kubwa ya pigano lake ilikuwa ni juu ya karatasi ile: nani aliandika nini kwanza, na nani alifuta. Kwa hiyo mtu akikuambia "lakini ripoti ya serikali ilisema", muulize ni ipi, ya asubuhi au ya jioni?

Kumbukumbu za walioona

Jumamosi, 5 Julai 1969, mchana, Tom Mboya, waziri katika serikali ya Kenya, alipigwa risasi akitoka duka la dawa kwenye barabara iliyoitwa Government Road, leo Moi Avenue. Sanamu yake iko hatua chache kutoka hapo, karibu na Hifadhi ya Nyaraka, na watu huitumia kama mahali pa kukutania: "nipate pale kwa Mboya." Aliyekuwa na miaka 20 siku ile, akiwa hai leo, amepita 75. Makala yakimketisha kwenye kiti kizuri na kumuuliza alichokiona, atajibu kwa dhati, machozi yatamlengalenga, na huenda hatasema uongo hata neno moja akijua.

Lakini kumbukumbu ni kama leso. Kila ikifuliwa hubaki leso ileile, maandishi yaleyale, ila rangi si ile iliyotoka nayo dukani. Huyu shahidi tangu siku ile amesikia redio, amesikia hotuba za kila kumbukizi, amesimuliwa na waliokuwa upande wa pili wa barabara, na yeye mwenyewe amewasimulia wajukuu. Alichokiona na alichokisikia vimeshafuliwa beseni moja. Ndiyo maana mahakama huthamini zaidi alichokisema mtu wiki ileile kuliko anachokisema baada ya nusu karne.

Nahashon Isaac Njenga Njoroge alihukumiwa kwa mauaji ya Mboya na kunyongwa mwaka huohuo wa 1969. Maneno yanayosemekana aliyatamka alipokamatwa, ya kuwauliza polisi mbona hawamtafuti mkubwa, kila Mkenya wa rika fulani anayajua kwa moyo. Yametufikia kupitia vinywa vya watu wengine. Huenda aliyasema, huenda aliyasema kwa namna nyingine. Katika makala, mwigizaji huyatamka akikutazama machoni, na kuanzia hapo hakuna tena "yanayosemekana". Nimewahi hata kusikia kwenye matatu mtu akiapa kwamba Njenga hakunyongwa, kwamba alionekana ng'ambo. Nilipomuuliza aliyasoma wapi, akasema, "Hiyo inajulikana."

Aliachiliwa, basi si yeye?

Sasa turudi kwa yule wa tatu pale kinyozi, maana kosa lake ndilo linalorudiwa kuliko yote.

Fikiria chama cha akina mama. Pesa zimepotea, elfu arobaini hivi. Kila mtu anamtazama mweka hazina. Kitabu kinakaguliwa, risiti zinakusanywa, na mwishowe inaonekana hakuna karatasi inayoonyesha kwamba ni yeye aliyechukua. Chama hakiwezi kwenda kumchukulia friji. Hilo halina maana kwamba mkutano ujao watamkabidhi tena sanduku. Kutothibitishwa ni jambo moja, na kuthibitishwa kwamba hakufanya ni jambo lingine. Korti ya jinai huulizwa swali moja tu: je, upande wa mashtaka umethibitisha pasipo shaka ya maana kwamba huyu ndiye? Jibu likiwa hapana, anakwenda nyumbani. Korti haikuulizwa basi ni nani.

Kwa Broughton, shaka ilikuja kwa kitu kidogo kama punje ya mahindi: risasi. Ndani ya mtutu wa bastola huchongwa mifereji inayojizungusha, kama nyuzi ndani ya nati, ili risasi itoke ikizunguka na isiyumbe. Mifereji hiyo huacha alama kwenye risasi. Wakili wa utetezi, Harry Morris, aliyetoka Afrika Kusini, alionyesha kwamba risasi iliyomuua Erroll ilikuwa na alama za mifereji mitano inayozungukia kulia, wakati bastola za Colt, aina aliyokuwa nayo Broughton, zina sita zinazozungukia kushoto. Ni kama kukuta alama ya tairi la lori matopeni na kumshtaki mwenye bodaboda. Anaweza kuwa alikuja kwa lori la mwenzake, nani ajuaye. Lakini huwezi kumfunga kwa alama ile.

Na hapa kuna jambo ambalo makala mengi hulipita mbio. Broughton aliamuliwa na juri, yaani jopo la raia wanaokaa kusikiliza kesi na kutoa uamuzi. Mtazamaji wa Nairobi huona jopo lile kwenye skrini akadhani ndivyo mahakama za Kenya zilivyokuwa. Sivyo. Katika Kenya ya mkoloni, juri ilikuwa haki ya Wazungu, nayo ilikuwa ya Wazungu watupu. Mwafrika aliyeshtakiwa kuua alikaa mbele ya jaji akisaidiwa na wazee wa mahakama, ambao maoni yao hayakumfunga jaji. Jaji aliweza kuwasikiliza wote wakisema mshtakiwa hana hatia, kisha akahukumu kinyume. Utaratibu wa wazee hao uliendelea muda mrefu baada ya uhuru, hadi ulipoondolewa mwaka 2007. Kwa maoni yangu, kipindi kizima kingeweza kutengenezwa juu ya jambo hilo pekee, nami ningekitazama kuliko hivi vya mapenzi ya walowezi.

Kinyume chake pia ni mtego: alifungwa, basi ndiye. Pio Gama Pinto, mbunge na mpigania uhuru, alipigwa risasi nje ya nyumba yake Westlands tarehe 24 Februari 1965, binti yake mdogo akiwa garini. Kisilu Mutua alihukumiwa kifo, adhabu ikapunguzwa kuwa kifungo cha maisha, akatoka mwaka 2001, miaka 36 baadaye, bado akisema si yeye. Jaji Mkuu wa wakati ule, John Ainley, alisema mwenyewe katika kesi ile kwamba inaonekana haijakamilika, na kwamba huenda si wote waliohusika waliofikishwa mbele yake. Yaani hukumu imetolewa na mlango umeachwa wazi kwa pumzi moja. Kipindi kinachosema "kesi ilifungwa 1965" hakikusoma mpaka mwisho.

Kuna pia vikao ambavyo si kesi kabisa, na watu huvichanganya kila siku. Inkwesti ni uchunguzi wa mahakama unaouliza mtu alikufaje. Ni kama mkutano wa wapangaji kuuliza tangi la ploti limepasukaje: mnaweza kuafikiana kwamba limepigwa nyundo, bado hakuna aliyetozwa. Kamati ya bunge, kama ile iliyochunguza kifo cha J.M. mwaka 1975 chini ya Elijah Mwangale, inaweza kutaja majina na kupendekeza hatua, lakini haifungi mtu. Tume ya uchunguzi nayo huundwa na rais na inaweza kuvunjwa na rais. Tume ya Jaji Evans Gicheru, iliyochunguza kifo cha Waziri wa Mambo ya Nje Robert Ouko, aliyetoweka nyumbani kwake Koru Februari 1990, ilivunjwa Novemba 1991 kabla haijamaliza kazi. Kwa hiyo mtu akisema "tume iligundua", swali la kwanza ni kama tume ilipewa nafasi ya kugundua.

Polisi walikuwa wajinga?

Hili ndilo oni maarufu zaidi kwa mauaji ya zamani sana, hasa yale ya Whitechapel, London, mwaka 1888, ya muuaji asiyejulikana aliyeitwa Jack the Ripper. "Si wangechukua tu alama za vidole?" Mwaka 1888 polisi wa London hawakuwa na utaratibu wa alama za vidole. Waliuanza 1901, na mara ya kwanza kwa alama za vidole kumtia mtu hatiani kwa mauaji Uingereza ilikuwa 1905. Hata damu: kipimo cha kutofautisha damu ya mtu na ya ng'ombe kilipatikana 1901. Whitechapel ilikuwa na machinjio. Mtu mwenye damu mkononi saa kumi alfajiri aliweza kusema ni mchinjaji, na hapakuwa na daktari duniani wa kumkanusha. Tunawacheka kwa sababu sisi tumeketi mwisho wa foleni na tunaona mbele ilikuwa na nini.

Halafu inakuja DNA. Kila baada ya miaka michache kuna kipindi kinachotangaza kwamba DNA imemfichua Jack the Ripper, kwa kawaida kwa kutumia shali inayodaiwa kuwa ya Catherine Eddowes, mmoja wa waliouawa. Iliyopimwa ni ile DNA ya mitokondria, ambayo mtu huirithi kwa mama tu. Ukoo mzima wa upande wa mama huwa nayo, na hata watu wasiojuana kabisa wanaweza kufanana. Ni kama kumwona mtu akishuka matatu ya 46. Umejua njia aliyotoka, ya Kawangware, lakini hujui mlango wake. Ukimkuta mtu ameshuka ya Rongai unaweza kusema kwa uhakika siye, na hapo ndipo nguvu ya kipimo hicho ilipo: kuondoa watu, si kumtaja mmoja. Ongeza kwamba shali yenyewe haina historia iliyothibitika, na imeshikwa na mikono mingi kwa zaidi ya karne. Mimi nikisikia "kesi imetatuliwa" namna hiyo, huenda kuchemsha chai.

Kitu kingine watazamaji husema kwa ujasiri: "Kingekuwa uongo wangeshtakiwa." Kwa wafu, hapana. Kesi ya kuchafuliwa jina ni ya mwenye jina, na akifa huzikwa nayo. Ndivyo sheria ilivyo hapa kwetu, na ndivyo ilivyo Uingereza tulikoirithi. Familia inaweza kuumia, inaweza kuandika barua, lakini haiwezi kudai fidia kwa jina la babu. Ukiangalia kwa makini utaona mifululizo hii hupenda washukiwa marehemu, na ikimgusa aliye hai, ghafla msimulizi hujaa "inadaiwa" na "alikana". Huo si ushahidi kwamba marehemu alifanya. Ni kwamba hana wakili.

Lalamiko la kuvuta, na lalamiko jingine

Yule wa nne, aliyesema kipindi kinavuta, sina la kumfanyia. Kampuni huuza sehemu sita kwa sababu sehemu sita zina bei kuliko mbili, na hadithi hunyooshwa kama chapati ya unga kidogo. Ukiona kila sehemu inaisha kwa mlango unaofunguliwa na mwanzo wa inayofuata unaonyesha paka, umeuelewa ufundi wote.

Lakini lipo lalamiko ambalo nalichukulia kwa uzito, na kwa miaka ya karibuni nalisikia zaidi kutoka kwa wanawake: kwamba muuaji hupewa sura, utoto, muziki wake, na aliyeuawa hupewa picha moja na jeraha. Jina la Jack the Ripper hata si jina la mtu. Waliouawa walikuwa na majina: Mary Ann Nichols, Annie Chapman, Elizabeth Stride, Catherine Eddowes, Mary Jane Kelly. Shangazi yangu, ambaye hutazama mifululizo hii akipeta mchele, huzima runinga kipindi kikimaliza nusu saa bila kusema marehemu alipenda kula nini. Nilimcheka zamani. Sasa naona ana kipimo kizuri kuliko changu, kwa sababu mtengenezaji aliyejishughulisha kujua hilo ameenda kwa ndugu, amesoma barua, amefungua faili. Asiyejua ameketi studio.

Na kwa kisa cha Erroll lalamiko hilo lina sura yake ya Kikenya. Nchi nzima iliyo nyuma ya zile karamu hutokea kama mkono uliobeba sinia.

Nilirudi kinyozi wiki iliyofuata kwa sababu niliacha kofia. Runinga ilikuwa na sehemu ya tatu, na mzee wa gazeti alikuwepo tena. Safari hii alizungumza.

"Kijana, rudisha nyuma kidogo. Pale gari linapopatikana."

Kinyozi akachukua rimoti kwa mkono wenye povu. Picha ikarudi: usiku, taa za gari, shimo kando ya barabara. Watu wawili wakashuka kwenye lori la maziwa, migongo yao kwetu, wakainama dirishani. Kisha kamera ikaruka hadi uso wa ofisa wa Kizungu akiamshwa kitandani.

"Tena," mzee akasema, akatazama saa yake ya mkononi.

Kinyozi akarudisha.

"Sekunde nne," mzee akasema. "Hao ndio walioona."